Keki ya Ua la Pamba na Kuku Mwekundu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wapo watu wakikaa ndani siku mbili kichwa kinawauma. Mimi nikitoka siku mbili mfululizo naona kama nimehama. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikapata matokeo ambayo mama huyataja kwa sauti ya chini, kisha nikarudi Ibadakuli na kukaa. Majirani walisubiri niolewe. Walipochoka kusubiri, wakaanza kuniagiza keki.

Keki nilijifunzia kwenye simu. Ya kwanza ilikuwa ya kipaimara cha mtoto wa jirani, na ilikuwa ngumu kiasi kwamba baba yake alikunja mikono ya shati kabla ya kuikata. Ya pili ilikuwa laini hadi ikalala ubavu. Kufikia ya kumi nilikuwa nimeshika vipimo, na ile oveni yangu ya mkaa, niliyochomelewa na mafundi wa vyuma, nilikuwa naijua tabia kuliko ninavyojua za ndugu zangu: upande wa kulia inaunguza, upande wa kushoto inabembeleza.

Mdogo wangu ndiye aliyepewa miguu. Alitoka, akaenda kuuza kwenye duka la vifaa vya wachimbaji kule Bulyanhulu, koleo na kamba na tochi za kichwani, na baada ya mwaka na nusu akarudi na mchumba. Kijana mpole, fundi wa karasha, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu mchana kutwa. Kwa ajili ya kazi hiyo alikuwa anaongea kwa sauti kubwa, hata shikamoo yake ilikuwa kama anatuonya tusogee jiwe linashuka. Tulimpenda. Shida haikuwa yeye. Shida ilikuwa mama yake.

Mama yake ni mama lishe. Amewapikia wachimbaji kwa miaka mingi kuliko ndoa nyingi ninazozifahamu. Siku ya kwanza alipokuja kwetu pamoja na mshenga, alikuja na chupa yake ya maji mkobani. Hilo tulilisamehe, jua lilikuwa kali. Kisha mama yangu akamkaribisha chai ya maziwa. Mgeni akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akasema "wabeja, mayu," yaani asante mama kwa Kisukuma, akakizungusha, akachungulia ndani kama mtu aliyeangusha pete, halafu akamrudishia mdogo wangu, ambaye bado alikuwa amepiga magoti na sinia lake.

"Anza wewe, mwanangu. Toa uchawi."

Huku kwetu neno hilo si tusi. Mtu akikuletea pombe ya kienyeji, anapiga funda la kwanza yeye mwenyewe mbele ya macho yako, na kitendo hicho ndicho kinaitwa kutoa uchawi. Asipoonja ndipo una haki ya kununa. Lakini hiyo ni pombe. Hii ilikuwa chai ya maziwa, saa nne asubuhi, katika nyumba yenye kalenda ya kanisa ukutani! Mdogo wangu akanywa funda. Mgeni akasubiri. Akamtazama koo, akamtazama macho, akahesabu anachokijua yeye, kisha naye akanywa.

"Unisamehe, mkwe," alimwambia mama. "Siyo ninyi. Kule kwetu mtu akipata mawe mazuri kule chini shimoni, duarani, rafiki yake anamnunulia soda ya kumpongeza. Anaamka keshokutwa hana kiroba, hana viatu, na rafiki hana. Nimeyaona haya. Mimi siku hizi hata mate yangu nayameza kwa wasiwasi."

Mshenga alicheka. Mama naye alicheka, ila kwa meno tu.

Kabla ya kuondoka, yule mama akaacha neno ambalo lilibaki sebuleni kwetu wiki nzima kama harufu ya dagaa. Alisema, akiwa anafunga mkoba wake:

"Ila huyu mwanangu, tangu ampate binti yenu, hamalizi ugali wangu. Anakula nusu, anasema ameshiba. Sasa najiuliza, ameshiba nini?"

Sote tulijua alichouliza. Alikuwa anauliza limbwata, ile dawa ya mapenzi ambayo wanawake husemwa wanatia kwenye chakula cha mwanaume hadi asione mwingine. Mdogo wangu! Mtu ambaye wali wake unaacha ukoko wa kupasua kwa shoka, leo anashukiwa mambo ya jikoni. Nilimtania hivyo, nikitegemea atacheka. Akaingia chumbani akafunga mlango.

Ndipo nilipoelewa uzito wake. Sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti, ilikuwa imeshapangiwa Jumamosi yake. Na katika sendofu kuna dakika moja ambayo haikwepeki: binti anakata keki, anapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, anamlisha kwa mkono wake, ukumbi mzima ukitazama na simu zikiwa juu. Yule mama akifunga mdomo mbele ya watu wote wale, mdogo wangu ataingia kwenye nyumba ile akiwa ameshahukumiwa. Kila atakachopika kitaangaliwa. Mume akipungua uzito, ni yeye. Mume akiongezeka, ni yeye pia.

Na keki ya kumlisha ilikuwa yangu.

Mdogo wangu alikuwa na picha kwenye simu. Keki yenye umbo la ua kubwa, petali zake nyembamba hadi mwanga unapita. Petali ni neno nililolisoma kwenye biolojia kidato cha pili, nikaapa sitalihitaji tena maishani. Zile petali hazikuwa za kirimu wala sukari. Zilikuwa za karatasi inayoliwa.

Mama akavaa miwani, akaitazama picha kwa muda.

"Ua gani hili?"

"La Ulaya huko, mama."

"Linaitwaje?"

"Sijui."

"Sasa mnataka kumlisha mwanamke yule kitu ambacho ninyi wenyewe hamkijui jina?" Akairudisha simu. "Fanyeni la pamba. Pamba anaijua. Amelima yule, mikono yake nimeiona."

Ndiyo mara pekee mama alipoingilia keki zangu akawa amepatia. Ua la pamba kila aliyekulia huku analijua hata akiwa amefumba macho. Lina petali tano zilizolaliana. Siku ya kwanza linafunguka likiwa na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na kiini cha yai, na ndani kabisa, kule chini, kuna doa jekundu la kuiva. Siku ya pili lote linageuka jekundu, kisha linaanguka. Nilipokuwa mdogo niliyachuma mengi kuliko pamba yenyewe, na nikachapwa kwa hesabu hiyohiyo.

Karatasi niliagiza kwa muuzaji wa Mwanza ambaye kwenye simu picha yake haikuwa sura, ilikuwa kijiko. Mzigo ukaja kwa basi. Nikafungua: bahasha ya kaki, ndani yake kurasa kumi na mbili nyeupe, kavu, upande mmoja laini na upande mwingine una vinyweleo kama ulimi wa paka. Hakuna jina. Hakuna tarehe ya mwisho wa matumizi. Hakuna nchi ilikotoka. Hata kiberiti kina maandishi! Nikampigia.

"Dada, hii karatasi imetengenezwa na nini?"

"Unga wa viazi, maji, na mafuta kidogo."

"Mbona haijaandikwa?"

"Ninafungua paketi kubwa ndipo nawagawia, mpenzi."

"Hiyo paketi kubwa imeandikwa?"

"Imeandikwa."

"Imeandikwaje?"

"Kichina."

Hapo simu ikakatika, au ilikatwa.

Nikaikagua mwenyewe. Nikainusa, hainuki chochote, na kitu kisichonuka kabisa kinanitisha kuliko kinachonuka. Nikaichovya pembe kwenye maji, ikayeyuka ikawa uji. Nikaichoma pembe nyingine, ikatoa harufu ya chapati iliyosahauliwa. Nikachana kipande, nikakipeleka mdomoni, kikafika kwenye mdomo wa chini, kikaishia hapo. Nilijiambia kwamba mimi ndiye mpishi, nikidhurika sherehe haina keki. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilikuwa nimemcheka mama mkwe wa watu wiki nzima kwa ajili ya kikombe cha chai, na sasa nimesimama jikoni kwetu, mchana kweupe, naogopa karatasi.

Nikatoka nje nikampa kuku.

Alikuwa mtetea mwekundu mwenye kishungi, asiye na adabu, ambaye alishawahi kula kipande cha sabuni na kuomba kingine kwa macho. Nikampa karatasi ya ukubwa wa kiganja. Akaidonoa yote, akafuta mdomo chini, akanifuata hadi mlangoni. Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano asubuhi nilimkuta anafukua mchanga kando ya kihenge, mzima kuliko mimi. Nikanawa mikono, nikaanza kazi.

Nilikata petali kwa mkasi wa kitambaa, kila moja umbo la moyo lisilo na ncha. Kwa kila petali kubwa nilikata vipande vitano vya kulalia kimoja juu ya kingine. Rangi nilitumia ya unga, nikaipaka kavu kwa brashi ya rangi ya kucha niliyoichemsha: ya maziwa na kiini huku juu, nyekundu ya kuiva kule chini. Kisha inakuja kazi yenyewe. Unaichukua petali unaipitisha juu ya mvuke wa birika, haraka, kama unavyopitisha mkono juu ya moto kujionyesha shujaa. Ikikaa kidogo tu inakuwa uji. Ikipita mbio mno inabaki karatasi, haikunjiki. Ukipatia inalegea mkononi kama ngozi ya mtoto, na hapo unailaza kwenye mgongo wa upawa, au ndani ya kikombe, au kwenye trei ya mayai, ikauke ikiwa na mkunjo wake. Jua la Shinyanga, ambalo maisha yangu yote nimelisema vibaya, lilinikaushia petali kwa nusu saa.

Mchana nikaenda mjini kufuata mayai. Nikarudi, kuku hayupo.

Mwanzoni sikushtuka. Mama akaniambia mshenga amepita kuulizia saa ya kufika ukumbini, nikasema sawa huku macho yangu yako uani. Nikazunguka kihenge. Nikachungulia chini ya mkokoteni, nyuma ya choo, kwenye kuni. Nikaenda hadi kwa jirani.

"Hujamwona kuku wetu, yule mwekundu?"

"Amefanyaje?"

"Hajafanya kitu."

"Sasa mbona unamtafuta kama umemuua?"

Nikarudi zangu. Nilikaa jikoni nikafikiri kama polisi. Angekuwa mwewe, angeacha manyoya. Angekuwa mwizi, angeanza na jogoo, maana jogoo wetu ni mnene na mjinga. Limebaki jibu moja tu: kuku amekwenda kufia mahali pa faragha, kama wanyama wenye heshima wanavyofanya, na tumboni ana karatasi yangu. Mama nisingeweza kumuuliza. Ningemuuliza kuhusu kuku, angeniuliza kuhusu kuku na mimi tuna nini, na ningelazimika kusema kwamba nimetengeneza petali ishirini na kitu za kitu ambacho sijawahi kukiweka ulimini.

Karatasi nyingine isingefika kabla ya Jumamosi. Na mdogo wangu alikuwa ameshaziona petali zikiwa zimepangwa mezani, akasimama mlangoni akaziba mdomo kwa mkono. "Dada," alisema, "ni ua kabisa." Tangu siku ile ya chai sikuwa nimemwona na uso ule. Ndugu msomaji, ningemwambia nini?

Nikaamua hivi: ua litaonekana, halitaliwa. Keki ya ndani ilikuwa safi, mayai, siagi na maganda ya ndimu, hiyo niliionja hadi nikakosa hamu ya chakula. Wakati wa kukata utakapofika, nitasimama mimi, nitaondoa petali moja baada ya nyingine kwa heshima, nitaziweka kwenye sinia, na binti atamlisha mama mkwe kipande cha katikati. Nani angehoji? Niliona ni mpango wa mtu mwenye akili. Mara nyingi mipango yangu huonekana hivyo nikiwa bado nyumbani.

Jumamosi nikaipakata keki kwenye bajaji hadi ukumbini, dereva nimemwambia abebe kama anabeba mgonjwa. Ilipowekwa mezani, simu zikainuka. Nilikuwa nimeioka duara mbili, nikazichonga ziwe na mabega matano, nikapaka kirimu, halafu nikazipanga petali kuanzia nje kuja ndani. Katikati nilisimamisha vipande vya tambi nilivyovichovya kwenye sukari ya manjano. Ilikuwa na upana wa sinia. Nyuma kabisa nikasikia mzee mmoja anasema, "Hilo ni la pamba hilo! Bado dawa tu kunyunyizia."

Mama mkwe alikuwa meza ya mbele, kilemba kimesimama, chupa yake ya maji kando ya soda ambayo hakuifungua.

MC naye, kwa kuwa mdogo wangu alimweleza kila kitu kwa furaha, akapata la kutangaza.

"Mabibi na mabwana! Hizi petali mnazoziona, mpishi wetu, dada mkubwa wa binti, amezitengeneza kwa karatasi! Na zinaliwa!"

"Karatasi ya nini?" mtu akauliza kutoka meza za nyuma.

"Ya mtihani!" akajibiwa na shangazi yangu mzazi.

"Aah, basi ndiyo sababu alifeli, alizila!"

Ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka, maana mtu wa nyumbani hujifunza kucheka mapema. Nikasogea na kisu na sinia. Mdogo wangu alikuwa ameshapiga magoti. Nikainua petali ya kwanza, nikaiweka pembeni. Nikainua ya pili.

"Binti."

Mama mkwe alikuwa ananiita mimi, bila kipaza sauti. Sauti iliyozoea kushindana na karasha haihitaji.

"Abee, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unayatoa kwa nini?"

"Ni pambo tu, mama."

"Huyu bwana kasema yanaliwa."

"Yanaliwa, mama."

"Yanaliwa, lakini unayatoa."

"Ndiyo, mama."

"Unanitolea mimi, au unawatolea wote?"

Muziki ulikuwa umezimwa. Nadhani MC mwenyewe aliuzima ili asikie vizuri. Mdogo wangu aliinua kichwa. Kila mtu pale ndani alikuwa anawaza lile neno moja ambalo hakuna aliyelitaja, na aliyeliita mezani ni mimi, kwa sinia langu na akili zangu.

Yule mama akaegemea kiti, akafunga mikono.

"Toa uchawi, binti. Kula moja, tuone."

Nikachukua petali. Ilikuwa nyepesi, haina hata uzito wa kuomba msamaha. Nikaipandisha. Ikafika kwenye mdomo wa chini, palepale ilipofika mara ya kwanza, na nikamwona kuku mwekundu amelala chini ya kichaka mahali fulani, miguu juu.

Mkono ukagoma.

"Mbona anasita?" sauti ikatoka nyuma.

"Ale! Ale huyo!"

Mdogo wangu alikuwa ananitazama. Tumelala kitanda kimoja miaka kumi na minne. Hofu yangu anaisoma nikiwa nimempa mgongo. Hakujua naogopa nini, ila alijua naogopa. Akainua mkono, akainyakua ile petali vidoleni mwangu, akaitia yote mdomoni.

Nusura nipige kelele ateme. Badala yake, kabla sijafikiri, nilichana petali kubwa kuliko zote, ile ya mbele, nikaisokomeza kinywani. Kama ni kwenda, twende wote! Ikaning'ang'ania kwenye kaakaa, haipandi haishuki, na tukabaki pale mbele ya wakwe, yeye magotini na gauni lake la dhahabu, mimi na kisu mkononi, tunatafuna kama mbuzi walioingia kwenye kamba ya nguo.

Mama mkwe akainuka. Akatembea hadi mezani. Akanisogelea uso hadi nikanusa karafuu aliyokuwa anaitafuna.

"Uliogopa."

"Ndiyo, mama."

"Keki yako mwenyewe?"

"Ndiyo, mama." Machozi yalikuwa karibu na karatasi bado ipo kwenye kaakaa. "Karatasi niliinunua kwa mtu simjui. Haina maandishi. Nikampa kuku kwanza, na kuku amepotea."

Kikaanza kitu tumboni mwa mama mkwe, kikampanda mabegani, kilemba kikatikisika, na yule mwanamke akacheka hadi akashika meza, na ua la pamba likatetemeka kama lina upepo.

"Amempa kuku! Jamani, amempa kuku!" Akajifuta macho. Akawageukia watu wa upande wake. "Sikilizeni. Mimi nimekaa na wapishi wa kila namna. Aliyetia kitu kwenye chakula haogopi. Ukimwambia aonje, anaonja huku anatabasamu, kwa sababu anajua upande ambao hakutia. Huyu hajui kitu! Huyu anaogopa kuliko mimi!"

Halafu akamtazama mdogo wangu pale chini, na kicheko kikapungua.

"Na wewe. Ulijua habari za kuku?"

"Sikujua, mama."

"Ulimwona tu dada yako amekwama."

"Ndiyo, mama."

"Ukala."

"Nikala."

Mama mkwe akavuta kiti chake hadi palepale, akaketi, akafungua mdomo. Mdogo wangu akanyoosha mkono achukue petali ya karibu. Yule mama akafunga mdomo tena.

"Siyo hiyo. Ile ya kule nyuma."

Mdogo wangu akazunguka meza kwa magoti, gauni na yote, akaichuma ile ya nyuma, akamlisha. Vigelegele vilivyopigwa vingeweza kushusha bati. MC akamsogezea kipaza sauti.

"Mama, ladha yake?"

"Karatasi," akasema. Akatafuna tena. Akaliangalia ua, akagusa ukingo wa petali kwa kidole kilichopasukapasuka. "Ila hili ni la siku ya kwanza. Amelipatia. Kesho lingekuwa jekundu." Akameza. "Kesho nikiamka mzima nitawapigia simu."

Baadaye, watu wakiwa kwenye pilau, mshenga alikuja na sahani yake akasimama karibu yangu.

"Huyo kuku aliyepotea, mwekundu? Ana kishungi?"

"Huyohuyo, baba."

"Yuko kwangu. Mama yako alinipa Jumatano. Jana ametaga."

Nikamgeukia mama, ambaye alikuwa anakula kwa utulivu mkubwa.

"Mgeni aondoke mikono mitupu?" akasema.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Kesho yake mama mkwe akapiga simu saa kumi na mbili asubuhi. Alikuwa mzima. Aliuliza kama na sisi ni wazima, na nadhani aliuliza kwa kutaka kujua hasa. Nusu ya ugali nayo ikaja kufahamika: kijana alikuwa na jino bovu, na kwa uoga wa koleo la daktari alilificha miezi mitano. Waliling'oa wiki iliyofuata harusi. Sasa anamaliza sahani, na mama yake ameanza kulalamika kwamba anakula sana.

Miezi miwili baadaye nilivaa viatu nikaenda Bulyanhulu kumsalimia mdogo wangu. Mama alisimama mlangoni kunitazama nikiondoka kama mtu anayeona gari la serikali. Nilimkuta mdogo wangu anakuna nazi kwenye mgahawa wa mama mkwe wake, jikoni kabisa, peke yake, hakuna anayemchunga. Wachimbaji walikuwa wanamwita shemeji na kumharakisha.

Mama mkwe akaniandalia benchi, akanitania kuhusu kuku mbele ya wateja, kisha akaniletea chai ya maziwa. Nilikitazama kikombe. Naapa nilikitazama tu, kwa heshima. Akaniona.

"Ngoja," akasema.

Akakichukua, akapiga funda moja refu, akakirudisha mkononi mwangu. Alikuwa anatabasamu.

Nilikunywa. Ila polepole.